Ziwa Edouard: tilapia mwenye mayai kinywani ni mbegu, asiuzwe kama mapato

Wandugu wasikilizaji, na ninyi wandugu wakimbizi wa vita mulio kandokando ya ziwa Edouard, leo hatuleti habari ya mapigano. Tunaleta habari ya samaki, na tutaisema wazi hata kama wengine watakasirika. Kumvua tilapia mkubwa pahali anapozalia, mayai yakiwa bado kinywani mwake, ni sawa na kupika mbegu iliyowekwa kwa ajili ya shamba la msimu ujao. Na yule anayempa mvuvi wavu wa kazi hiyo, pamoja na yule anayepokea pesa ili mtumbwi upite, wana kosa kubwa kuliko mvuvi mwenye njaa.

Tunasema hivyo sababu kwa sasa kila kidole kinaelekezwa kwa wakimbizi. Bandarini, sokoni, hata katika mikutano ya mtaa, utasikia kwamba ziwa limekwisha tangu wakimbizi wafike. Ni uongo wenye chembe ya ukweli ndani yake, na uongo wa namna hiyo ni mgumu kuuondoa. Basi tuutazame polepole.

Maji yamepungua, midomo imeongezeka

Ziwa Edouard lina eneo la karibu kilomita za mraba 2,300, na sehemu kama 7 kwa 10 ziko upande wa Congo. Upande wetu wote uko ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Ndiyo maana sheria inatambua bandari tatu tu za uvuvi kwetu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Vijiji vingine vya uvuvi vilivyoota ndani ya mbuga vilizaliwa na vita, na njaa, na wakubwa waliofumba macho.

Mwezi wa tatu 2024, Vitshumbi iliingia mikononi mwa M23. Mwisho wa mwezi wa sita mwaka ule ule, Kanyabayonga nayo ilianguka. Familia zilikimbia, na kati yao walikuwa wavuvi na watoto wa wavuvi. Walibeba kile walichoweza: sufuria, godoro, nguo za watoto, na mara nyingine wavu. Mvuvi aliyekimbia hawezi kulima shamba ambalo hana. Anarudi majini, sababu ndiyo kazi anayoijua. Hilo si kosa.

Lakini majini hali imebadilika. Katikati ya ziwa mtu anaogopa wenye bunduki. Anaogopa pia kuvuka mpaka ambao jicho halioni, halafu akamatwe na askari wa majini wa Uganda, apoteze mtumbwi, wavu na uhuru wake kwa siku moja. Basi anabaki karibu na nchi kavu: ndani ya ghuba, penye matete, kwenye midomo ya mito kama Rutshuru na Rwindi. Pale maji ni mafupi, mawimbi ni madogo, na samaki wako. Wako pale sababu ndipo wanapozalia.

Hiyo ndiyo chembe ya ukweli tuliyosema. Si kwamba mkimbizi ana roho mbaya kuliko mwenyeji. Vita imeisukuma mitumbwi yote, ya wenyeji na ya wageni, ndani ya materniti ya ziwa.

Mama anayefunga kula

Kila mvuvi wa Edouard anajua jambo hili, lakini tuliseme kwa ajili ya wandugu waliotoka milimani na hawakukua na ziwa. Tilapia wetu, ambaye wataalamu wanamwita Oreochromis niloticus, hatagi mayai na kuyaacha. Dume anakuja kwenye maji mafupi, anachimba shimo la duara kwenye mchanga au tope, mfano wa sahani kubwa, na anawafukuza madume wengine. Jike anakuja, anataga, halafu anayaokota mayai yote kwa kinywa chake na kuondoka nayo.

Kwa siku 10 hadi 14 hivi anayabeba. Yanaanguliwa mle mle kinywani. Kwa muda huo wote anakula kidogo sana, au hali kabisa. Vitoto vikianza kuogelea anavitoa nje, lakini adui akitokea vinarudi mbio kujificha kinywani mwa mama. Hakuna mama wa kijiji atakayesikia habari hiyo asielewe ni kazi gani.

Sasa fikiria wavu. Mama akinaswa anahangaika, na akihangaika anatema. Mayai yanazama, vitoto vinatawanyika bila mlinzi, na samaki wengine wanaovila wako pale pale. Asubuhi mvuvi anaingiza mtumbwini samaki mmoja. Hakuna anayehesabu mamia waliobaki upande wa pili wa wavu.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mama mmoja amebeba mayai 1,000, na kati ya kila 100 ni mmoja tu atakayekua mpaka kufika sufuriani. Hao ni samaki 10. Ukimvua mama leo, umekula mmoja na kupoteza kumi. Na tilapia hazai mara moja kwa maisha. Anazaa mara kadhaa kwa mwaka. Endelea na hesabu mwenyewe.

Kuna wanaodai dawa ni kufunga ziwa lote kwa miezi fulani, kama ilivyofanyika ziwa Tanganyika mwaka 2024, wakati uvuvi uliposimamishwa toka tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane. Sisi hatuoni kwamba dawa ile inafaa hapa vilevile. Kule wanalenga hasa ndagala na mukeke, samaki wa maji ya wazi. Tilapia wetu, hapa karibu na ikweta, anazaa mwaka mzima, hata kama mvua inaongeza. Kwake kitu cha kufunga ni pahali kuliko mwezi. Tena familia inayokula kile ilichopata leo haiwezi kungoja miezi mitatu. Lakini inaweza kuacha ghuba moja, mwaka mzima, kama wengine wote wataiacha pia.

Mkubwa mmoja si sawa na wadogo wawili

Wengi wanajitetea hivi: samaki mkubwa amekwisha kuzaa, amekula maisha yake, basi avuliwe, na wadogo waachwe wakue. Nusu ya maneno hayo ni kweli, wadogo waachwe. Nusu ya pili ndiyo inatuua.

Jike dogo hubeba mayai mia chache. Jike kubwa anaweza kupita elfu moja. Kinywa ni kikubwa, na nguvu ya kukaa bila kula ni nyingi zaidi. Tena yeye ndiye aliyeponyoka nyavu kwa miaka, ndiye aliyekua haraka na kukua sana. Mfugaji wa mbuzi hachinji beberu wake bora na mbuzi jike mwenye maziwa mengi, halafu akabaki na vilema ili wamzalie. Mkulima wa maharagi hapiki zile mbegu nene na kupanda zilizotobolewa na wadudu. Basi kwa nini mvuvi aone sifa kutoa wakubwa wote majini?

Ukiwatoa wakubwa mwaka hadi mwaka, wanaobaki ni wale wanaozaa wakiwa bado wadogo. Ziwa linakuwa na vibete. Jambo hili limekwisha kuonekana jirani yetu. Ziwa George, kule Uganda, linaungana na Edouard kwa mfereji wa Kazinga. Mwaka 1950, tilapia aliyevuliwa kule alikuwa na uzito wa wastani wa gramu 900 hivi. Kufikia mwaka 1970, wastani ulikuwa umeshuka mpaka gramu 430 hivi. Miaka 20 tu, bila vita kama hii yetu, na samaki amekatika katikati.

Kwa hiyo wazee wanaposema kwamba tilapia wa zamani alifunika sahani nzima, musiwacheke. Hawatungi hadithi.

Hoja za kujitetea

Ya kwanza: mababu walivua hivyo. Ni kweli, tena ni kweli kuliko wanavyofikiri. Huko Katanda, kando ya mto Semliki unaotoka ziwani pale Ishango, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta ncha za mikuki za mfupa pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Wataalamu walikadiria miaka 90,000 hivi, na wakaona kwamba watu wale walikuja majira ya kambare kutaga, wakawachoma kwenye maji mafupi. Kumvizia samaki mkubwa wakati wa kuzaa ni akili ya zamani sana hapa kwetu. Lakini wale walikuwa watu wachache wenye mikuki ya mfupa. Hawakuwa na nyavu za nailoni zinazofunga mdomo wa ghuba nzima, hawakuwa na motere, wala mteja anayengoja Butembo na Goma. Ukichukua tabia ya babu na kuifanya kwa chombo cha leo, usiiite mila tena.

Ya pili: hayo mambo ya kuacha samaki wakubwa ni ya wazungu walioshiba. Tuijibu pia. Huko Marekani kuna samaki wa maziwa anayeitwa crappie. Baridi ikiisha na maji yakianza kupata joto, anakuja kwenye maji mafupi kutaga, na dume ndiye anayelinda kiota. Wavuvi wa ndoano wanaipenda saa hiyo, sababu ndiyo saa rahisi ya kupata wakubwa. Lakini kuna mipaka. Katika jimbo la Texas, sheria ya kawaida inamruhusu mtu kuchukua crappie 25 kwa siku, tena wenye urefu wa inchi 10 au zaidi. Na wako wavuvi wanaojiwekea sheria ya pili wenyewe: wa katikati wanakwenda jikoni, mama mkubwa anarudishwa majini.

Ni kweli, wengi wao wanavua kwa kujifurahisha, na nyumbani frigo imejaa. Hatuwezi kuwaiga neno kwa neno. Ndoano inaweza kumwachia samaki uzima wake, lakini wavu uliolala majini usiku kucha unatoa maiti, na kumrudisha mama aliyekufa hakumsaidii mtu. Lakini tafakari hivi: yule mwenye frigo, akikosa samaki, ananunua nyama. Sisi tukikosa samaki, tumekosa. Kati ya yeye na sisi, ni nani anapaswa kuogopa zaidi kumaliza mbegu?

Ya tatu: viboko ndio sababu. Hoja hii ina uzito, na tunaiheshimu. Katikati ya miaka ya 1970, mbuga ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Hesabu ya mwaka 2003 ilikuta 1,300 hivi. Kiboko anakula majani usiku nchi kavu, na mchana anaacha mavi yake majini. Mavi yanalisha vijimea vidogo, vijimea vinamlisha tilapia. Waliowaua kwa ajili ya nyama na meno walipunguza pia chakula cha samaki wetu. Yote ni kweli. Lakini kama chakula kimepungua nyumbani, je, dawa ni kumuua mama mzazi? Ziwa lililopoteza viboko wake lina haki ya kuachiwa angalau samaki wake wanaozaa.

Njaa haichezewi

Hoja ya nne ni njaa, na hiyo hatuitanii. Mama aliye kambini, watoto wanne, bila shamba, bila mume pembeni, hawezi kuhubiriwa juu ya mwaka ujao wakati leo jioni sufuria ni tupu. Anayenunua fungu la tilapia wadogo kama vidole ananunua sababu ndilo fungu ambalo pesa yake inafika. Tukimkuta sokoni, tusimnyang'anye fungu lake. Tumtafute mwenye wavu, tumnyang'anye wavu.

Lakini hata mama yule, ukimweleza, ataelewa upesi kuliko wakubwa. Maana yeye ndiye wa kwanza kuumia. Samaki wakipungua, bei inapanda. Bei ikipanda, mwenye mshahara bado atakula; mkimbizi ndiye anayerudi kwenye sombe bila kitoweo. Wanaosema "tuvue tu, watu wana njaa" wanatumia njaa ya mkimbizi kama ngao, halafu samaki mkubwa mwenyewe haendi kambini. Anapangwa kwenye kikapu, anapanda motere au gari, anakwenda kwenye miji kwa wenye pesa. Wadogo na vichwa ndivyo vinavyobaki kwa mkimbizi.

Kuchagua kunaanza kabla wavu haujaloa

Wandugu wavuvi, hatusemi muache kuvua. Tunasema muchague. Na kwa wavu, kuchagua hakufanyiki samaki akiwa ndani ya mtumbwi. Saa hiyo amekwisha kufa. Unachagua wakati unapoamua wavu gani, uende wapi, na uushushe namna gani.

Kwanza ni pahali. Ghuba zenye matete, midomo ya mito, na mchanga wa maji mafupi ambapo unaona yale mashimo ya duara, pasiguswe, mchana wala usiku. Wavuvi wazee wanapajua pote kwa majina. Wapaonyeshe vijana, waweke alama za miti au bidoni zinazoelea, ili mgeni asiseme hakujua.

Pili ni matundu. Kipimo ambacho ziwa letu limezoea kukiita halali ni inchi 4 na nusu, yaani sentimita 11 na kidogo. Wavu wa namna hiyo, ukilala wenyewe majini, una akili yake: mdogo anapita katikati, mkubwa sana anagonga na kurudi bila kunaswa vizuri, na wa katikati ndiye anayebaki. Huyo wa katikati ndiye wetu. Anatosha sahani, na anauzika. Wavu wa inchi 2 au 3 unachukua watoto. Na ule wa matundu makubwa mno, ukitegwa kwenye mazalio kwa makusudi ya kuwatafuta wazazi, nao ni mbaya vilevile, hata kama mwenye nao anajisifu kwamba haguswi na sheria ya nyavu ndogo.

Tatu ni namna. Wavu wa kukokota mpaka nchi kavu hauchagui kitu. Unabeba mzazi, mtoto, mayai, na unafuta mashimo yote ya kuzalia kama ufagio. Kupiga maji kwa fimbo ili samaki watoke kwenye matete wakimbilie wavuni ni kazi ile ile kwa makelele. Na chandarua cha mbu kazi yake ni kulinda mtoto na malaria. Kikiingia ziwani, kinamaliza watoto wa samaki, na mtoto wa nyumbani anaumwa na mbu.

Nne ni samaki wengine. Ndoano kwenye maji ya kina inaleta bagrus, kambare na kamongo. Kazi ile inaomba subira na chambo, lakini inapumzisha tilapia kwenye pwani.

Wavu haramu hauoti kama matete

Sasa tufike kwa wakubwa. Mara kwa mara tunasikia kwamba nyavu haramu zimekamatwa na kuchomwa. Moshi unapanda, picha zinapigwa. Vizuri. Lakini wavu haramu hauoti kandokando ya ziwa kama matete. Mtu aliuleta. Ulipita mpakani, ukalipiwa kodi au haukulipiwa, ukawekwa dukani, ukauzwa mchana watu wakiona. Wavu ukichomwa, mvuvi maskini anabaki na deni, na mwenye duka anauza mwingine kesho yake. Moto ule unamtajirisha aliyeuza.

Tena wavuvi wengi hawavui kwa mtumbwi wao. Kuna patroni. Patroni ana mtumbwi, ana motere, ana nyavu, anakaa mjini. Ekipa inaingia majini usiku, na hesabu ikifanyika asubuhi, kwanza esansi, kwanza wavu, kwanza patroni. Kijana akisema "huku kuna mazalio, tusitupe hapa", kesho kijana mwingine amechukua nafasi yake. Vijana waliokimbia vita hawana nguvu ya kukataa. Kwa hiyo patroni anayetoa wavu wa kukokota ndiye aitwe, ndiye alipe, na mtumbwi wake ndio ufungwe.

Na kuna biashara ya jeton. Kila mwenye silaha anayeshika kipande cha maji anataka chake, na mtumbwi unaweza kulipa mara mbili au tatu kabla ya kuona sokoni. Aliyelipa mara tatu atafanya nini? Atatafuta samaki wengi kwa muda mfupi, na samaki wengi kwa muda mfupi wako kwenye mazalio. Hivyo kila jeton inayouzwa inasukuma wavu mwingine kwenye materniti ya ziwa. Anayepokea pesa ile hajashika kasia, lakini ni mvuvi haramu kupita wote.

Hatuchagui upande katika neno hili. Awe anavaa sare au havai, awe wa kundi hili au lile, anayeuza ruhusa ya kuingia kwenye mazalio anakula watoto wa watu wote. Vita itapita. Ziwa likifa, hakuna mapatano yatakayolifufua kwa siku moja.

Tunachoomba, na tunamwomba nani

Kwa kamati za wavuvi: tajeni mazalio, wekeni alama, na wakimbizi waingizwe kwenye kamati. Mtu akiitwa kila siku mwizi hawezi kuwa mlinzi. Akipewa kiti, atalinda, maana naye anakula hapo.

Kwa wasimamizi wa mbuga na Leta: fuateni wavu mpaka dukani. Hesabuni mitumbwi bila kuuza namba chini ya meza. Na lindeni maji ya wazi, sababu kumwambia mvuvi aondoke kwenye ghuba bila kumpa usalama kule mbele ni kumwambia achague kati ya sheria na maisha yake.

Kwa mashirika yanayosaidia wakimbizi: munapogawa vifaa vya uvuvi, pimeni matundu kwanza. Na munapogawa chakula, kumbukeni kandokando ya ziwa. Watu wanadhani aliye karibu na maji hana njaa. Kila wiki ambayo maharagi na unga vinakosa kufika, wavu mmoja zaidi unaingia kwenye matete.

Kwa wamama wachuuzi: ninyi muna nguvu kuliko askari. Mukiona tilapia koo limevimba, mufungue kinywa. Mukikuta mayai ya manjano au vitoto, mumwulize mvuvi alitupa wavu wapi. Mukiungana mukasema kwamba mzigo kutoka ghuba fulani hamuupokei, patroni atasikia siku hiyo hiyo, maana mfuko wake ndio utakaomweleza.

Na kwenu, wandugu wakimbizi. Wengi wenu munaomba siku moja tu, siku ya kurudi nyumbani Vitshumbi, Nyakakoma, Rwindi na vijiji vyote mulivyoacha. Nyumba zingine mutazikuta zimebomoka, na mutazijenga. Mashamba yatakuwa msitu, na mutayalima. Lakini mtu hawezi kujenga samaki kwa matofali. Mukirudi, mukute tilapia wa kuanzia maisha. Huyo tilapia yuko majini sasa hivi, kinywa kimejaa, hajala tangu wiki iliyopita, anawalea watoto ambao wenu watakula. Mumwache apite. Yule wa katikati anatutosha leo.